Neno Tulilomficha Mtoto wa Dada

Ilianza Jumapili, saa kumi na robo jioni, mtoto wa dada yangu alipojitupa kwenye vumbi mbele ya mama yake na kupiga ukelele uliomfanya mama wa jirani achungulie juu ya ua wa minyaa.

Dada alikuwa ndiyo kwanza ameshuka kwenye bodaboda. Begi lilikuwa bado begani, mfuko wa ndizi mkononi, uso wote kicheko. Alikuwa amesema jambo moja tu: "Njoo mama, njoo kipenzi changu, twende tukaone kuku wa bibi!"

Ukelele ukatoka hapo.

"Ananikataa," Dada akasema. Kicheko kilimwishia usoni huku nikikiangalia. "Mama, mtoto ananikataa."

"Hakukatai, anaogopa kuku," Mama akajibu kutoka kwenye turubai, ungo wa mbaazi magotini. "Si nilikwambia kwenye simu? Kuku usimtajie."

"Kuku? Mtoto wa hapa kijijini Singe anaogopa kuku?"

"Wewe mtajie uone."

"Mbona nimeshamtajia."

"Haya, na umeona."

Mimi nilikuwa nimekaa kizingitini na kitabu cha Uraia. Niliinuka, nikamwokota mtoto, akanikaba shingo kwa mikono yote miwili na kuuficha uso wake wenye vumbi na kamasi kwenye blauzi yangu ya kanisani, ambayo nilikuwa nimeapa sitaifua tena wiki hiyo. Nilitamani kulia na mimi. Si kwa huruma. Kwa kuchoka.

Nieleze ilivyokuwa. Nipo kidato cha nne, shule ya kutwa. Kesho yake, Jumatatu, mtihani wa moko, ule wa kujipima kabla ya mtihani wa taifa, ulikuwa unaanza saa mbili asubuhi, na mwalimu wetu wa darasa alikuwa ametuambia kwamba atakayekosa karatasi ya kwanza asijisumbue kuja kwa ya pili. Dada anapika kwenye hosteli ya wanafunzi Arusha. Anapata ruhusa mara moja kwa mwezi. Anakuja, analala, anarudi. Mtoto, wa kike, miaka miwili na kidogo, anabaki na sisi: na Mama, ambaye mchana yuko shambani au kwenye genge lake mjini, na mimi, ambaye mtoto huniita Mamdogo kwa kuwa ndicho cheo changu. Nikiwa shule anashinda kwa mama wa jirani.

Hiyo ndiyo mipango ya siku ambazo Dada hajaja. Akija na kuondoka, mipango yote huvunjika, kwa sababu mtoto hunishika. Sina neno lingine la kueleza. Hunishika. Mwezi uliopita alinishika karibu wiki nzima. Chooni nilikwenda naye. Ugali nilisonga naye mgongoni, mvuke ukimpiga yeye usoni na mimi kidevuni. Asubuhi nikivaa sketi ya shule aliikamata pindo na kulia mpaka anatapika uji, na Mama anasema, "Basi baki leo, utakwenda kesho." Kesho nayo ikawa hivyohivyo. Kwa mama wa jirani alikuwa hataki hata kusikia. Kwa hiyo nilichokuwa nakitaka Jumapili ile hakikuwa kikubwa. Nilitaka Dada aondoke, mtoto aniachie, nami nifike kwenye chumba cha mtihani kabla mlango haujafungwa.

Kwetu mtoto mdogo haagwi. Anatorokwa. Sijui nani alianza, lakini majirani wote ninaowajua hufanya hivyo na hakuna anayeona aibu. Mama mwenye safari anafungasha kimyakimya, begi linapitishwa dirishani kama la mwizi, na mtu mwingine anapewa kazi ya kumzubaisha mtoto. Mkirudi, mama hayupo, na kila mtu anajifanya hana habari. "Mama wapi?" "Yupo, anakuja." Wanasema ndiyo huruma yenyewe. Mtoto akijua atalia, akilia msafiri naye atatoka na machozi, na safari ya machozi, anasema Mama, haina heri.

Kazi ya kumzubaisha ilikuwa yangu. "Twende tukaone kuku," nilikuwa namwambia, na kweli tulikuwa tunakwenda bandani nyuma ya jiko, tunachuchumaa, tunaangalia vifaranga wakiingia chini ya mama yao, mpaka nisikie pikipiki imekwisha kuikata kona ya barabara. Kisha tunarudi ndani.

Akafika wakati, ukimwambia hivyo, anapiga ukelele. Mama akahitimisha kwamba amedonolewa. Banda likahamishwa mpaka kwenye migomba. Jogoo mwekundu, ambaye ndiye aliyeshukiwa, akachinjwa, na mtoto akala paja lote akaomba na shingo. Hilo halikumfikirisha mtu. Mwinjilisti alipotutembelea, Mama akamsimulia, naye akamwekea mtoto mkono kichwani akaomba kwa muda mrefu sana, na katika maombi yale akawataja na kuku. Mtoto alikuwa amefumba macho vizuri kabisa. Nje kuku walikuwa wanaendelea na mambo yao.

Na mimi nilikuwa naona kitu kingine. Asubuhi, kabla mtu hajamsemesha, mtoto huyohuyo anashuka kizingitini kwa makalio, anachota chenga kwenye debe kwa viganja viwili, anawarushia kuku, nao wanamzunguka mpaka anapotea katikati ya manyoya. Anacheka. Anawapa majina ya watu wa nyumbani. Niliona, nikanyamaza. Ukiwa mtu wa kunyamaza unajua mambo mengi ambayo hayamsaidii mtu.

Kuna na jambo lingine, maana bila hilo nisingeelewa kilichotokea jioni ile. Kukaa na mtoto anayeanza kusema kunachosha kuliko kulima. Anarudia, unarudia, anarudia. Lakini ukishachoka kiasi cha kutosha unaanza kuona. Majina ya vitu aliyapata haraka. Ndoo, mwiko, paka, sweta. Unamwonyesha, unasema, na kitu kinakaa palepale kinamngoja. Maneno ya kutenda hayangoji. Ukisema "imemwagika", imeshamwagika. Ukisema "anaruka", paka ameshatua upande wa pili. Mama akipepeta nilikuwa namwambia, "Unaona? Bibi anapepeta. Anapepeta." Naye anaangalia ungo, anaangalia mikono, anaangalia makapi yanavyopeperuka, halafu anayakimbilia makapi. Neno lilimpita juu ya kichwa. Alilipata baada ya muda mrefu, na alipolipata akalifanya mali ya Bibi. Siku nilipouchukua ungo mimi, alikasirika.

"Hapana! Bibi pepeta."

"Na mimi napepeta, ona."

"Mamdogo hapana pepeta. Mamdogo pika."

Kwake kupepeta kulikuwa ni Bibi, ungo, mbaazi na turubai la bluu, vyote pamoja; ukitoa kimoja neno linavunjika. Kumenya kulikuwa kwa ndizi. Baadaye kukawa na kwa soksi pia: anakaa chini, ananyoosha mguu, "menya, Mamdogo," na mimi namvua huku nacheka peke yangu. Nilikuwa nakaa naye hivyo nikitazama anavyolichukua neno mahali pamoja na kwenda kulijaribu pengine, mara linakubali, mara linagoma, mara sisi tunamcheka naye anaona haya, anaacha.

Lakini yapo aliyoyapata mara moja, na nilichukua muda kujua kwa nini. Kubeba. Kuoga. Kufunga mlango. Ni yale niliyokuwa namwambia kabla sijafanya. "Nakubeba," nasema, halafu naweka kitabu chini, nanyoosha mikono, nambeba. Kati ya neno na tendo kulikuwa na kijinafasi, na humo ndimo alimokuwa anajifunzia. Ananitazama mdomoni, anangoja aone neno hilo litaleta nini. Siku moja nilisema "nakubeba" huku mikono yangu imejaa sufuria, naye akainua mikono yake juu. Nikajua ameshalipata. Yale niliyomwambia tendo likiwa linaendelea yalimpotea, kwa sababu wakati huo macho yake yalikuwa na kazi.

Sikumwambia mtu haya. Nani angenisikiliza? Darasani kwenyewe nikiulizwa swali nasimama tu mpaka mwalimu anachoka ananiambia nikae.

Basi jioni ile Dada alimwacha mtoto atulie. Akakaa kwenye kigoda, akamenya ndizi bila kusema kitu, akampa. Mtoto akala akiwa mapajani mwangu, anamtazama mama yake kwa pembe ya jicho. Taratibu akashuka. Akagusa hereni. Akagusa pua. Akacheka. Tukapumua wote. Ndipo Dada, kwa furaha, akasimama na kumpa mkono.

"Haya mama, achana na kuku. Twende tukaone magari barabarani!"

Akajitupa chini palepale, ndizi ikiwa mdomoni.

"Kumbe na magari," Mama akasema. Ungo ulikuwa umesimama hewani.

"Magari yanapita hapo nje kila siku!" Dada sasa alikuwa anakaribia kulia. "Mama, mtoto ana nini huyu?"

Mama wa jirani alikuwa bado yuko kwenye minyaa, hajaondoka. "Juzi nilimwita aje aone ndama wangu," akasema, "akalia hivyohivyo. Nikasema labda pembe zimemtisha."

"Ndama ana pembe?"

"Ndiyo nikashangaa na mimi."

Nilielewa nikiwa nimeinama namwokota mara ya pili. Haikuwa kuku, haikuwa magari wala ndama. Nilikuwa nimemfundisha mimi mwenyewe, vizuri kuliko neno lolote nililowahi kumfundisha, kwa kuwa kila mara nililisema kabla. Twende tukaone. Halafu tendo lenyewe linakuja. Kwake kwenda kuona kitu ni jambo ambalo ukilimaliza mama hayupo. Alikuwa ametusikiliza kwa makini kuliko sisi tulivyojisikiliza. Na neno lenyewe la kile kinachomuumiza, kuondoka, hakuna mtu katika nyumba yetu aliyewahi kulitamka mbele yake. Tulilificha kama tusi.

Nilikaa nalo hilo mpaka jua likaanza kuzama. Tulikuwa jikoni, Dada anachambua mchele, Mama anakaanga vitunguu vya kuungia mbaazi, mtoto amepitiwa na usingizi mgongoni kwangu. Wakawa wanapanga safari.

"Basi lako saa ngapi?"

"Kumi na mbili. Boda nimeshamwambia aje mapema."

"Vizuri. Atakuwa amelala. Wewe unatoka tu taratibu."

"Akiamka," nikasema, "atanishika."

Waligeuka wote wawili. Sauti yangu ilitoka ndogo, ikamezwa na mafuta.

"Ee, Mama, bubu ameongea!" Dada akasema. "Rudia, mdogo wangu, tusikie na sisi."

Nikarudia. Nikasema na mengine, vibaya, bila mpangilio, uso unawaka kama niko karibu na moto kuliko nilivyokuwa. Kwamba mtoto haogopi kuku. Kwamba kila tukimwambia akaone kitu, mama yake anapotea. Kwamba hata yule jogoo tulimwonea.

"Jogoo tulimla," Mama akasema.

"Tulimwonea, halafu tukamla."

Dada alicheka mpaka akaweka ungo wa mchele chini. Kicheko kilipoisha akabaki ananitazama.

"Kwa hiyo unataka nifanyeje?"

"Umwambie."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba unaondoka. Umwambie kabla."

"Mtoto huyu? Ataelewa wapi?"

"Mbona la kuku ameelewa."

Vitunguu vilianza kuungua kidogo, Mama akavigeuza. "Mtoto haambiwi safari," akasema bila kuinua kichwa. "Na nyie mlitorokwa hivyohivyo. Kuna aliyekufa?"

Hakuna aliyekufa, ni kweli.

"Akinililia usoni siondoki," Dada akasema. Alikuwa ameacha kuchambua. Alikuwa anazungushazungusha mchele kwa kidole. "Najijua. Na nisipofika kazini kesho, wapo wanaoisubiri hiyo nafasi kwa hamu. Unafikiri natoroka kwa ajili yake? Natoroka kwa ajili yangu."

Hilo hakuwahi kulisema. Hata Mama aliinua uso.

"Na mimi nina mtihani," nikasema. Ningependa kuandika kwamba niliongea kwa ajili ya mtoto. Niliongea kwa ajili ya mtihani, na kwa ajili ya mgongo wangu.

Mtoto alipoamka tukajaribu. Nilichuchumaa mbele yake nikangoja mpaka aniangalie. "Mamdogo anaondoka," nikamwambia. Nikakaa kidogo. "Anaenda bombani. Atarudi." Nikachukua ndoo, nikatoka. Kilio chake kilinifuata mpaka bombani na kurudi nami. "Mamdogo amerudi," nikasema, naye akanitazama kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu. Nikaenda tena, kumwaga maji machafu. Nikaenda tena, kuanua nguo. Kila mara neno kwanza, kijinafasi, kisha mgongo wangu. Kila mara akalia. Mara ya mwisho akalia kidogo halafu akanyamaza, anasikiliza ndala zangu.

"Unaongea naye kama unamsomea sheria za mtihani," Dada akasema. "Hebu nijaribu mimi." Akapiga magoti. "Mama anaondoka. Anaenda kwa jirani kuomba chumvi. Atarudi."

Mtoto akamfuata mpaka mlangoni, akashika fremu, akalia. Akaita. Akanyamaza. Dada akarudi na chumvi kwenye kipande cha gazeti.

"Chumvi tunayo," Mama akasema.

"Sasa nirudi mikono mitupu? Si nimesema chumvi."

Tulipojaribu mara nyingine mtoto akakataa kabisa, akang'ang'ania kitenge cha mama yake, na Dada akaketi sakafuni naye ndani ya kitenge hicho. Nikasema inatosha. Sikuwa na nguvu ya kuona kama kuna kilichoingia au hakuna. Tulikula wali na mbaazi. Nilifungua Uraia nikasoma ukurasa mmoja, haukukaa kichwani. Mama aliposimama kwenda kufunga kuku nilimsikia akimwambia mtoto kitu kwa Kiiraqw, lugha yetu ya nyumbani, polepole, kabla hajavuka mlango. Kisha akavuka. Alipoona nimemtazama akasema, "Nini? Soma."

Asubuhi nilipoamka Dada alikuwa ameshavaa. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, begi miguuni, anamtazama mtoto. Pikipiki ilikuwa imeshafika, inanguruma nje.

"Nimwache tu?" akanong'ona. "Ona alivyolala."

Nilikuwa nafunga vifungo vya shati la shule. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba jibu la ndiyo lilikuwa tayari mdomoni. Angetoka, pangekuwa kimya, na labda ningewahi kufika hata barabarani kabla mtoto hajaamka. Labda.

"Mwamshe," nikasema.

Akamwamsha. Akamkalisha mapajani, akamfuta tongotongo, akangoja mpaka macho yafunguke vizuri.

"Mama anaondoka," akasema. Akakaa kidogo. "Anapanda basi. Anaenda kazini, kupika. Atarudi."

Mtoto akamtazama mdomoni. Akatazama begi. Akamtazama tena mdomoni, vilevile alivyokuwa akinitazama mimi nikiweka kitabu chini. Halafu akalia.

Hakikuwa kile kilio cha kuku. Kile kilikuwa cha mtu anayekimbia kitu. Hiki kilikuwa cha mtu aliyemshika mtu. Alikamata shati la mama yake kwa vidole vyote, akampiga kifuani kwa kichwa, hapana, hapana, hapana. Dada naye akaanza. Walikuwa wanalia kwa sauti zinazofanana, sikuwa nimewahi kujua kama zinafanana.

"Dada'angu!" mwenye boda akaita nje. "Basi halina mtoto hilo, litatuacha!"

Dada akaanza kulisukuma begi chini ya kitanda kwa mguu. Nililiona likienda, na mtihani wangu nikauona unakwenda nalo. Nikataka kusema kitu, nikawa kama nilivyo siku zote.

Mama akaingia amejifunga khanga yake ya jikoni. Nilijua atasema, "Si niliwaambia?" Alisimama tu mlangoni, akanyoosha mikono.

"Mlete," akasema. "Umeshamwambia unaondoka. Ondoka. Ukibaki atajua kuondoka maana yake ni kulia kidogo, halafu kukaa."

Dada akambusu mtoto kichwani, akampa Mama, akalivuta begi. Mlangoni aligeuka, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, kwa kuwa siku zote alikuwa hana wa kumgeukia. Akapunga mkono. Pikipiki ikaondoka.

Mtoto alikuwa ameloa kamasi mpaka kidevuni. Kwikwi zilikuwa zinamkata. Akaelekeza kidole mlangoni.

"Mama naondoka," akasema.

Akanigeukia, kama ananipa habari ambayo huenda sikuwa nimeisikia. "Mamdogo. Mama naondoka."

"Ndiyo," nikamwambia. "Mama ameondoka."

Akaendelea kulia, lakini huku anasema. Nilikunywa chai nimesimama. Nilivaa sweta, nikachukua kalamu na rula, na kila nilichoshika yeye alikuwa anakitazama. Sikuwa na njia nyingine. Nikainama mbele yake.

"Mamdogo anaondoka," nikasema, nikangoja. "Anaenda shule. Atarudi."

Ningependa kuandika kwamba aliniachia. Alinilalia begani na kamasi zake, kisha akakamata pindo la sketi kama mwezi uliopita. Mama ndiye aliyevifungua vidole vyake, kimoja kimoja, huku akimwambia maneno ya Kiiraqw, naye akalia mikononi mwa Mama badala ya kujitupa chini. Hiyo tu ndiyo tofauti niliyoiona. Nikatoka. Nikageuka getini, nikapunga mkono. Hakupunga, alikuwa ameficha uso kwenye bega la Mama.

Nilitembea nusu nikikimbia. Kilio nilikisikia mpaka kwenye duka la kona, baada ya hapo sikukisikia tena, na sikujua kama amenyamaza au ni umbali. Mlango wa chumba cha mtihani ulikuwa bado wazi. Msimamizi alinitazama kuanzia viatu vyenye vumbi mpaka begani, ambako kamasi ilikuwa imekauka kwenye sweta, akanionyesha dawati. Nikaketi, nikaandika namba yangu juu ya karatasi. Swali la kwanza nililisoma mara kadhaa, sikulielewa. Nikaliruka, nikaanza la pili.